Mwanangu ameokota jiwe Newgrange. Tulirudishe?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Drogheda nchini Ireland mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni uuguzi. Mwezi uliopita tulikwenda Newgrange mimi, mume wangu na mwanetu wa miaka tisa. Tuliingia ndani ya lile kaburi la kale lililo ndani ya kilima, mwongoza wageni akazima taa akatuonyesha jinsi jua linavyoingia siku za Desemba. Akasema wazee wa pale walikuwa wakisimulia habari za jua hilo hata kabla wataalamu hawajaliona. Tulipofika nyumbani nikakuta mwanangu ana kijiwe cheupe mfukoni, amekiokota nje pale pale. Siku kadhaa baadaye jirani yetu, bibi wa umri wa mama yangu, alikiona akabadilika uso. Akasema kirudishwe upesi, ni cha 'watu wema', na wasiporudishiwa watakuja wenyewe kukifuata. Mtoto alisikia. Tangu hapo anaamka usiku, na wiki iliyopita alishikwa na homa. Mume wangu anasema huo ni ushirikina kama ushirikina mwingine. Mimi nimekulia karibu na mapango ya Amboni, habari za mizimu nazijua, sipendi kudharau la mtu. Naomba unijibu: ni kweli lile ni kaburi la wafalme? Hao watu wema ni nani? Inawezekana watu wakakumbuka jambo kwa miaka elfu tano? Na jiwe tulifanyeje?"

Marahaba, dada. Umeniuliza maswali manne lakini naona kinachokunyima usingizi ni kimoja, ni mtoto. Acha nianze naye. Kaburi limesubiri miaka elfu tano, litasubiri na aya moja zaidi.

Wewe ni muuguzi, homa unaijua kuliko mimi. Homa ya mtoto ina daktari wake, haijalishi mfukoni alikuwa na nini. Kuhusu kuamka usiku, hebu zihesabu siku kama ulivyonihesabia mwenyewe. Alikiokota kijiwe, akasafiri nacho, akalala nacho nyumba moja siku kadhaa, na hujaniambia kwamba siku hizo aliamka. Ameanza kuamka baada ya kusikia kwamba kuna watu watakuja kukifuata. Mtoto wa miaka tisa ukimwambia kuna wadai wanakuja usiku, ataamka. Hata mimi ningeamka. Kilichomshika ni yale maneno, na dawa ya maneno ni maneno: mkalishe umweleze, kisha mpe kazi ya kurudisha yeye mwenyewe, aone mambo yameisha. Wiki tatu nne zikipita bado halali, mpeleke kwa daktari wenu na umweleze kisa chote bila kuona haya. Madaktari wa huko visa vya watu wema wamevisikia tangu wako shule.

Sasa kilima chenyewe.

Newgrange ni kaburi la ushoroba. Yaani kuna chumba cha mawe katikati, kuna ujia mwembamba wa kukifikia, halafu juu ya vyote viwili pamerundikwa mawe na udongo mpaka pakawa kilima. Upana wake ni mita 85 hivi, kimo chake kama nyumba ya ghorofa nne, na chini kimezungushiwa mawe makubwa 97 yaliyolazwa yakifuatana. Jiwe la mlangoni, lile lenye michoro ya kuzunguka kama konokono, ni mojawapo ya hayo. Ujia una mita 19. Mlipopita mle nadhani mliinama na kugeuza mabega. Na mlipofika chumbani mkaweza kusimama wima, kwa sababu dari lake linapanda mita 6, mawe yamepangwa kila safu ikitokeza kidogo kuliko ile ya chini yake mpaka yakakutana juu. Hakuna saruji, hakuna boriti.

Waliolijenga walikuwa wakulima na wafugaji wa mwisho wa Zama za Mawe, wasiokuwa na chuma wala shaba. Tunajua ni lini, na namna tulivyojua inanifurahisha kila nikiisimulia. Mafundi wale hawakutaka chumba kivuje. Kwa hiyo juu ya mawe ya dari la ujia walichonga vifereji vya kupitisha maji, na kwenye nyufa wakasindilia mchanga na udongo uliochomwa. Udongo ule ulikuwa na masizi, masizi yana kaboni, na kaboni ikapimwa maabara: mwaka 3200 KK hivi. Piramidi kubwa ya Giza ilikuja miaka kama 600 baadaye. Na chumba hakivuji hadi leo, katika nchi ambayo wewe unajua mvua yake.

Jua mliloonyeshwa kwa taa linahitaji maelezo kidogo kwa sisi tuliozaliwa karibu na ikweta. Tanga, mchana wa Juni na mchana wa Desemba tofauti yake haifiki saa moja, ndiyo maana hatukulelewa kuliangalia jua linachomoza wapi. Huko mliko mchana wa Juni unafika urefu wa saa 17 na wa Desemba ni wa saa saba na nusu tu. Tangu Juni mahali jua linapochomozea husogea kusini asubuhi hadi asubuhi, mpaka kwenye tarehe 21 Desemba linafika mwisho, linachomoza kama pale pale siku kadhaa, halafu linaanza kurudi. Kwa mkulima asiye na kalenda wala duka la kununua chakula, kurudi kule si jambo dogo.

Sasa angalia ufundi. Sakafu ya ule ujia si tambarare, inapanda mita 2 hivi kutoka mlangoni mpaka chumbani. Mwanga unaoingia mlangoni hugota kwenye sakafu katikati ya njia. Ndiyo maana wakajenga kidirisha cha mawe juu ya mlango, kilichokaa usawa mmoja na sakafu ya chumba. Saa tatu kasoro dakika mbili asubuhi, dakika nne baada ya jua kutokeza kwenye kilima cha ng'ambo, mwali mwembamba unapita kwenye kidirisha hicho, unatambaa juu ya sakafu, unafika mpaka ndani kabisa. Unapanuka kufikia sentimita 17 hivi, yaani kama kiganja kilichokunjuliwa, kisha unapungua. Baada ya dakika 17 giza linarudi. Kidirisha kilikuwa na vizibo vya mawe meupe, na jiwe la chini lina mikwaruzo ya kizibo kilichosukumwa na kuvutwa mara nyingi. Kuna watu waliokuwa wakifungua na kufunga. Michoro yote ya pale, na ni mizuri, hainisogezi moyo kama mikwaruzo ile.

Ukaniuliza juu ya wafalme. Profesa Michael J. O'Kelly wa Cork alichimba pale tangu 1962 hadi 1975, na mle chumbani alipata mabaki ya watu wasiopungua watano, baadhi yamechomwa na baadhi hayakuchomwa. Lakini kumbuka chumba kilikuwa wazi tangu 1699, mwaka ambao vibarua wa mwenye shamba, Charles Campbell, walipokuwa wakichukua mawe ya kutengenezea barabara wakakutana na mlango. Kwa zaidi ya miaka 260 kila aliyetaka aliingia, akapekua, akatoka na alichotoka nacho. Watano ni wale waliosalimika. Hapakupatikana taji wala fimbo ya enzi, na hata jina Newgrange halina ufalme wowote: ardhi ile katika Zama za Kati ilikuwa mali ya watawa wa Mellifont, na maana yake ni shamba jipya la watawa. Mfalme ataturudia baadaye kwa mlango mwingine, nivumilie kidogo.

Jina la kale zaidi ni Brú na Bóinne, makao ya mto Boyne, na hapo ndipo wanapoingia watu wema wa jirani yako.

Katika maandishi ya Kiayalandi ya Zama za Kati kuna jamii iitwayo Tuatha Dé Danann. Si majini kama tunavyowajua sisi, wala si mizimu hasa, maana hawakuwa mababu wa mtu. Ni miungu ya kale iliyopunguziwa cheo. Wasimuliaji, waliokuwa wakiandika chini ya paa za monasteri, walieleza kwamba Tuatha Dé walitawala nchi, wakashindwa vita na waliokuwa mababu wa Waayalandi, wakapewa sehemu yao chini ya ardhi, kila mkubwa wao kilima chake. Neno síd kwa Kiayalandi cha kale ni kilima cha namna hiyo, na polepole likawa pia jina la wanaokaa ndani. Kuwaita "watu wema" si kuwasifu. Ni adabu ya tahadhari, ile ile ya bibi zetu ambao usiku hawamtaji nyoka kwa jina lake. Mtaje vizuri, apite mbali.

Mwenye Newgrange ni Óengus, na kisa chake nikusimulie kwa sababu kwa Kiswahili kinakaa vizuri kuliko kwa Kiingereza. Mungu mkubwa Dagda alimtamani Bóann, ambaye ndiye mto wenyewe unaopita chini ya kilima, na alikuwa mke wa Elcmar. Akamtuma Elcmar safari, kisha akalisimamisha jua miezi tisa, hata mwenye mke akadhani imepita siku moja tu. Katika "siku" hiyo Óengus akatungwa mimba na kuzaliwa. Alipokua akaja kudai nyumba. Katika toleo moja anamwendea Elcmar, katika jingine ni baba yake mwenyewe Dagda, na anachoomba ni kidogo: nipe nikae humu usiku na mchana. Akapewa. Kesho yake mwenyeji akarudi, naye akamjibu: ulinipa usiku na mchana, na dunia yote inaishi kwa usiku na mchana. Hakutoka tena. Kiingereza hupata shida kueleza mtego huo. Sisi tukimwambia mtu "nakuwaza usiku na mchana", hakuna anayedhani tunamaanisha saa 24.

Umeona tayari jambo lililowapa watu mshtuko: mungu analisimamisha jua, tena mahali hapo hapo ambapo jua la Desemba linasimama. Na sasa tufike kwenye swali lako zito, la kumbukumbu.

Alichowaambia mwongoza wageni si uongo. O'Kelly mwenyewe alieleza kwamba watu wa maeneo yale walimwambia kuna wakati jua linapochomoza linapiga mpaka kwenye jiwe la nyuma chumbani. Hawakusema ni lini. Yeye alidhani wanachanganya na Stonehenge, lile duara la mawe ya kale la Uingereza, maana kule ndiko watu walikojazana asubuhi ya Juni. Lakini akapiga hesabu: mlango unatazama kusini mashariki, kwa hiyo jua la Juni haliwezi, la Desemba linaweza. Asubuhi ya tarehe 21 Desemba 1967 akaingia peke yake, akakaa gizani kusubiri, na mwali ukaja. Kisa kizuri. Wazee walisema, profesa akatia shaka, wazee wakashinda.

Tatizo ni kwamba kina tundu. Kilima kilikuwa kimeporomoka na kuufunika mlango tangu zama za kale sana, hadi wale vibarua wa 1699. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi lakini mawe ya ujia yalikuwa yameinama yakifunga njia, na kidirisha kilikuwa kimejaa udongo. Hakuna aliyeweza kuuona mwali chumbani, si babu wala babu wa babu. Sasa wazee wa 1962 walijuaje? Jibu moja ni kwamba habari ilipitishwa mdomo hadi mdomo tangu wajenzi. Jibu la pili halina mvuto sana: tangu karne ya 18 kulikuwa na wasomi waliokwishaandika kulihusisha kaburi hili na jua, na maneno ya wasomi hushuka vijijini, yakikaa vizazi vitatu vinne huwa ya wazee. Sisi wenyewe tunalijua hilo. Ni mara ngapi umesikia asili ya jina la mji ikisimuliwa kama urithi wa mababu, kumbe imetoka kwenye kitabu cha shule?

Kisa kinachowatoa jasho wataalamu ni kingine, na hakihusu Newgrange bali Dowth, kaburi jirani, mwendo wa kilomita mbili hivi. Masimulizi ya majina ya mahali yaliyoandikwa kwenye karne ya 11 yanasema hivi. Enzi za mfalme Bressal kulikuja tauni ya ng'ombe, wakabaki ng'ombe saba na dume mmoja nchi nzima. Mfalme akawaita wanaume wamjengee mnara wa kufika mbinguni. Wakakubali kufanya kazi siku moja tu. Dada yake akasema: nitalizuia jua lisizame, siku isiishe. Akalizuia. Lakini mfalme akaingiwa na tamaa, akamlala dada yake, na uchawi ukavunjika. Jua likazama, watu wakatupa zana wakaenda zao. Dada akasema mahali hapa jina lake litakuwa Dubad, giza. Ndiyo Dowth ya leo. Na chumba kimoja cha Dowth, nikuambie, kinapokea jua linapozama siku zile zile fupi za Desemba.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, wakiongozwa na Lara Cassidy na Dan Bradley, walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu wa kale wa Ireland. Mmoja wao alikuwa mwanamume ambaye mfupa wake ulitoka Newgrange, kijichumba cha mkono wa kuume, kile chenye mapambo kuliko vingine. Wazazi wake walikuwa ndugu wa damu wa karibu kabisa: ama kaka na dada, ama mzazi na mtoto. Watafiti wakakumbusha kwamba ndoa za namna hiyo zimewahi kuruhusiwa kwa watawala waliohesabiwa miungu, kama mafarao. Wakakumbusha pia kisa cha Bressal. Magazeti yakamaliza kazi: mfalme wa Newgrange amepatikana, na ngano ilikuwa inamkumbuka. Huyo ndiye mfalme uliyemsikia.

Mimi nasimama na wanaosita. Kwanza, mfupa ni mmoja, kipande cha fuvu, katika chumba kilichopekuliwa kwa karne mbili na nusu. Wanaakiolojia wengine wameandika kwamba mfupa mmoja haujengi nasaba ya wafalme. Unatuambia wazazi wake walikuwa nani kwa nani, hautuambii kwamba alitawala. Pili, tangu mfupa ule uwekwe mpaka kisa kile kiandikwe ni zaidi ya miaka 4000, vizazi zaidi ya 160. Na vinasaba hivyo hivyo vinaonyesha kwamba kuanzia kama 2500 KK walikuja watu wapya, na sehemu kubwa ya damu ya Waayalandi wa leo inatokana nao. Kwa hiyo kisa kingelazimika kuvuka kutoka kwa jamii moja kwenda nyingine, na kwa vyovyote kutoka lugha hadi lugha, bila kuandikwa. Sisemi ni muhali. Nasema ni mzigo mzito kwa uzi mwembamba. Tatu, mnara wa kufika mbinguni umeusoma wapi? Watawa walioandika nao walikuwa wakisoma Biblia, na kisa chenyewe kinautaja mnara wa Nimrodi.

Na kuna la nne, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote na ndilo halitajwi magazetini. Watu wa zama za maandishi yale hawakuwa wakiyakumbuka makaburi haya kwa mbali. Walikuwa ndani yake. Dowth ina njia ya chini ya ardhi iliyojengwa na watu wa Zama za Kati ikiungana na kaburi. Knowth, kaburi la tatu la hapo, lina majina ya watu wa zama hizo yamekwaruzwa kwenye mawe ya ndani, na wafalme wa Brega Kaskazini, ufalme wa sehemu zile, walikaa juu ya kilima chake karne ya 9 na ya 10. Mtu anayeingia Dowth mwezi wa Desemba jioni na kuona jua linatambaa ukutani halafu linakatika, hahitaji kurithishwa lolote na mtu wa miaka 4000 nyuma. Amejionea. Akitoka nje atataka kisa cha kueleza alichokiona, na kisa kitakuwa na jua, na giza, na kazi iliyokatika.

Utaona mfano wake nyumbani. Mongomi wa Kolo, kule Kondoa, michoro ya miambani ilichorwa na watu wengine kabisa, zamani sana, na wenyeji wa leo wanafanya matambiko na uganga papo hapo. Hawakurithi maana ya mchoraji. Walikuta mahali pana uzito, wakaendelea kupaheshimu kwa namna yao. Boyne nako hivyo hivyo: mbele ya mlango wa Newgrange zimepatikana sarafu za Kirumi za tangu karne ya 1 hadi ya 4, nyingine za dhahabu, ingawa Roma haikuwahi kutawala Ireland. Kuna mtu alizileta akaziacha. Miaka elfu tatu na zaidi baada ya wajenzi, asiyejua jina lao wala lugha yao, alifika mbele ya kilima kilichoporomoka akaona hawezi kuondoka bila kutoa kitu.

Kwa hiyo usimwambie jirani yako kwamba anaamini upuuzi. Hofu yake imelinda mambo mengi. Ireland ina maboma ya mviringo ya udongo yapatayo 45,000, wenyeji huyaita ya watu wema. Si makaburi, ni mabaki ya makazi ya wakulima wa miaka elfu moja na zaidi iliyopita, na mengi yamebaki kwa sababu hakuna mkulima aliyetaka kuwa wa kwanza kupitisha jembe. Mwaka 1999, kule Clare, msimuliaji wa ngano Eddie Lenihan alipiga kelele juu ya mti mmoja wa miiba uliokuwa njiani pa barabara kuu mpya, akisema ni wa watu wema, na mti ukaachwa umesimama. Kaya za Wamijikenda zimebaki misitu kwa sheria ya namna hiyo hiyo: usikate, usichukue, usitoke na kitu.

Sasa kijiwe.

Ukikiangalia vizuri: je, ni cheupe kama maziwa yaliyoganda, kina ukingo mkali unaometa ukikigeuza kwenye mwanga? Hiyo ni kwatsi. Ule ukuta mweupe uliouona mbele ya Newgrange umejengwa kwa kwatsi iliyotoka milima ya Wicklow, upande wa kusini wa Dublin, pamoja na mawe ya mviringo ya kijivu yaliyotoka kaskazini. Wajenzi waliyabeba mawe hayo makumi ya kilomita, bila gari. Lakini ukuta wenyewe, kama ulivyo, umesimamishwa na O'Kelly. Yeye aliyakuta mawe yametapakaa chini mbele ya kilima, akachora kila tabaka lilivyolala, akajenga ukuta wa majaribio akauangusha aone mawe yanavyoanguka, akahitimisha kwamba hapo mwanzo yalikuwa ukuta. Kuna wanaopinga mpaka leo: wanasema hayakuwahi kuwa ukuta, yalitandikwa chini kama sakafu ya uani. Knowth, ambako kuna mawe kama hayo, wameyaacha yamelala chini. Nenda utazame vyote viwili kisha uamue mwenyewe; mimi ule ukuta naona umenyooka mno.

Nimekueleza hayo kwa sababu ugomvi wote huo, wa watu wazima wenye digrii, unategemea jambo moja: kila kijiwe kilikuwa kimelala wapi. Kijiwe kikishatoka mahali pake, kinabaki kuwa kijiwe tu. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kusema kirudi, na wala sihitaji watu wema kuiunga mkono. Sheria ya Ireland nayo inakataza kuondoa vitu vya kale katika maeneo yaliyohifadhiwa. Usiogope, hakuna atakayemshitaki mtoto wa miaka tisa.

Ila msikirudishe kwa kukitupa penye nyasi mkakimbia. Watu wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na wanaharibu mara mbili: kwanza wameondoa jiwe mahali pake, sasa wameweka jiwe mahali pasipo pake. Nendeni kituo cha wageni, ng'ambo ya mto, pale mlipoanzia safari ya kwenda kilimani. Mtoto akikabidhi kwa mkono wake na aseme alikiokota wapi: karibu na ukuta, kwenye njia ya kokoto, au kule basi linapogeuzia. Kaeni naye leo jioni mchore ramani ndogo akiwa bado anakumbuka. Kama kwa bahati mmepata kitu kingine mbali na kijiwe, mfano kipande cha chungu au jiwe lililochongwa, msikisafishe, pigeni simu Jumba la Makumbusho la Taifa, Dublin. Sheria inataka taarifa itolewe ndani ya siku chache.

Kama mumeo anaona kurudisha ni kukubali ushirikina, mwambie unarudisha mali ya umma. Kama wewe moyoni unaona kuna suala la dini hapo, hilo muulize sheikh au mchungaji wako uso kwa uso, mimi si mahali pangu. Na mkishamaliza pitieni kwa yule bibi, mtoto amwambie mwenyewe kwamba kimerudi. Mwombe na kisa cha Óengus. Nina hakika anacho, na hakitafanana na changu.

Mkiwa pale kituoni ulizeni habari za bahati nasibu ya Desemba. Maelfu huomba kila mwaka, wanaochaguliwa ni wachache, na waliochaguliwa nao mara nyingi huishia kusimama gizani kwa sababu ya mawingu. Wewe ukipata, jua likikataa, utakuwa umesimama mle ndani saa tatu kasoro na mwanao, bila taa, mkisubiri.